Kumjibu Ni Kumfungua

Watu walimwita Redio, na si kwa kumtukana. Mwanamke yule alizaliwa na mdomo mwepesi na masikio mapana, na Mungu akamwongezea kazi inayoendana na tabia hiyo: alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Mlango wake ulitazama barabara, na ukuta wa mbao uliitenga saluni na chumba walimolala binti zake wawili. Zamani ungewakuta humo wanawake wamebanana kwenye benchi kama dagaa kwenye kopo, mmoja anasukwa, mwingine anasubiri zamu, na waliobaki hawana hata nywele za kusukwa, wamekuja tu kusikia fulani kafanya nini na fulani kajibu nini.

Kwa hiyo siku Baba Zizi alipomweka Kimya, hata waliokuwa hawampendi walimwonea huruma. Kumnyima Redio maneno ni kama kumtoa samaki majini ukamwambia ajifunze kutembea.

Kanisa lao lilikuwa na jina refu lililoandikwa kwenye bati juu ya geti, lakini wenyewe waliliita Zizi. Kiongozi wao alikuwa Baba Zizi, mkewe Mama Zizi, na kila kilichokuwa nje ya geti kiliitwa dunia. Na mtu wa dunia hakuna kula kwake, kuoa kwake, wala kusimama naye barabarani mkaulizana habari. Mtu akikosa ndani ya Zizi hakufukuzwa. Angefukuzwa angeshukuru. Aliwekwa Kimya. Hakuna ruhusa ya kusema naye, kumgusa wala kumtazama usoni, uwe mumewe, mama yake au mtoto aliyemnyonyesha. Lakini anaendelea kupika, kufua, kufanya kazi yake, na kuja ibadani akae benchi la mwisho, mpaka Baba Zizi mwenyewe amsemeshe mbele ya kanisa. Walikuwa na msemo, na watoto walifundishwa kabla ya kujua kufunga viatu: kumjibu ni kumfungua. Na aliyemfungua mtu bila idhini aliingia Kimya yeye badala yake.

Kosa la Redio lilianzia kichwani mwa mtu.

Wanawake wa Zizi walifunga vilemba tangu wakivunja ungo, na nywele zao hazikuonwa na mwanamume ila mume, wala kushikwa na mkono mwingine ila wa msusi. Msusi alikuwa Redio, na kwa ajili ya heshima hiyo aliambiwa awafukuze wateja wote wa dunia, maana mikono inayoshika vichwa vya nje isije ikashika vya ndani. Akawafukuza. Benchi likapungua vicheko, lakini akajipa moyo: afadhali kupungukiwa na wateja kuliko kupungukiwa na mbingu.

Siku hiyo aliletewa binti wa fundi saa. Binti huyu alikuwa mmoja wa Wanakondoo, wasichana waliochaguliwa kulelewa na Baba Zizi mwenyewe kwenye Nyumba ya Ndani, ile nyumba nyuma ya kanisa yenye madirisha ya juu juu. Ukimtoa binti kuingia humo, familia yako ilikaa mabenchi ya mbele. Binti mwenyewe hakurudi tena nyumbani, hata kwa msiba.

Alikaa kwenye kigoda, Redio akakifungua kilemba huku mdomo ukikimbia mbele ya mikono kama kawaida yake.

"Haya, mke wa mfalme, tukusukeje leo? Wenzako wote wanataka mistari midogo midogo, vidole vyangu vimekuwa kama—"

Akakigeuza kichwa kwenye mwanga. Katikati ya utosi palikuwa na kiraka kitupu, kipana kama kiganja, chekundu pembeni, na katikati palilowa.

"Mwanangu. Nini hiki?"

"Mapunye, Mama."

"Mapunye mimi nayajua kabla mama yako hajaolewa. Mapunye yana unga unga, yanakula nywele taratibu. Hizi zimetoka na mizizi yake. Nani kakung'oa?"

Binti alitazama mlangoni, kisha akatazama magoti yake. "Nilisinzia kwenye maombi."

"Na mtu akisinzia?"

"Baba hapendi tusinzie." Akainua mkono akauzungusha hewani, taratibu, mizunguko kadhaa, kama mtu anayeviringisha kamba ya ndoo kwenye kiganja. Hakusema mkono ule ulikuwa wa nani. Halafu akasema kitu ambacho Redio alikwenda kulala nacho na kuamka nacho: "Usiniache na nywele ndefu, Mama. Nibane sana, zishike ngozi. Nataka akose pa kushika."

Mtu mwenye akili za mitaani angekwenda kuyatangaza. Redio hakuyatangaza, na hilo ndilo la kushangaza. Alifunga saluni akaenda moja kwa moja kwa Mama Zizi, kama mtu anayekwenda kumwambia jirani kwamba moto umeshika jikoni kwake. Aliamini Mama Zizi hajui. Mama Zizi akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akafuta machozi kwa ncha ya kilemba, akamwambia, "Asante kwa kuniamini mimi kwanza, mdogo wangu."

Jumapili iliyofuata Baba Zizi alisimama mbele akasema kwamba kuna ulimi ndani ya Zizi uliogeuka nyoka, na ulimi huo Mungu ameuweka Kimya. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Mama Zizi alilitazama tu benchi alilokaa Redio, na benchi zima likasogea.

Nyumbani alidhani mambo yatakuwa mepesi. Nyumbani ni nyumbani, alijiambia; mbele za watu tutafuata sheria, mlango ukifungwa tutacheka. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu mpole wa mikono mizito, ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kushinda ubishi hata mmoja. Jioni ile aliingia, akavua buti, akakaa mezani akitazama chumvi.

"Baba watoto, karibu chakula."

Kimya.

"Hata asante? Basi guna kama ng'ombe nijue uko hai."

Binti mkubwa, Kifungua, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye kifungua mimba, aliinamisha uso akala haraka. Mdogo, Kitinda, mtoto wa meno ya mbele yaliyong'oka, alimtazama mama yake akasahau, akatabasamu, kisha akakumbuka akafunika macho kwa kijiko.

Redio akajaribu silaha yake ya siku zote. Kila jioni, tangu wakiwa wadogo, alikuwa akiwasuka huku akiwategea vitendawili, na wale watoto walikuwa wamezoea kiasi kwamba jibu lilitoka kama chafya, bila kuombwa.

"Kitendawili!" akasema.

Mdomo wa Kitinda ukafunguka. Herufi ya kwanza ilikuwa tayari kwenye ulimi. Baba yake akaweka kiganja mezani, hakupiga, aliweka tu, na mdomo wa mtoto ukafungwa tena polepole kama mlango wa kabati.

Redio akaosha vyombo akijisemesha peke yake. Alijisimulia habari za mtaa, akajiuliza maswali, akajijibu. Baada ya siku kadhaa hata yeye mwenyewe alichoka kusikiliza.

Sasa, Zizi lilikuwa na hekima zake, lakini hapa lilifanya kosa ambalo Zizi tu ndilo lingeweza kulifanya. Nywele hazijui habari za Kimya. Zinaota. Na kwa kuwa Redio ndiye peke yake aliyeruhusiwa kuzishika, wanawake waliendelea kuja. Kazi ilikuwa kazi. Kugusana kwa kazi hakukuhesabiwa. Walikaa kwenye kigoda bila salamu, wakaonyesha kwa kidole kwenye kioo wanachotaka, wakampa kisogo. Na walikuwa wamejizoeza vizuri mno kutomwona, hata wakasahau kwamba ana masikio. Mtu aliyewekwa Kimya huwa kama kigoda chenyewe: unakikalia, hukifichi siri.

Ndivyo walivyokuja Mama Zizi na wifi yake Redio, yaani dada wa yule fundi bomba, mwanamke mwembamba aliyesimamia mlango wa kanisa na kujua nani kachelewa. Mama Zizi akakaa kusukwa. Wifi akajitupa kwenye benchi.

"Yule wa fundi saa anaendeleaje?" wifi akauliza.

"Kidonda kinatoa usaha. Usiku anaweweseka."

"Si apelekwe hospitali?"

"Baba amekataza. Hospitali wanauliza uliza. Tunamwosha kwa maji ya chumvi na maombi. Jumapili lazima asimame kwenye kwaya, watu wameanza kumuulizia."

Redio aliendelea kusuka. Mstari, mafuta, mstari.

"Na nafasi ndani?" wifi akauliza.

"Nafasi ipo. Baba anamtaka wa kaka yako. Yule mkubwa. Anasema ana sauti nzuri na shingo ngumu, atafaa kufundishwa."

"Kaka amekubali. Amelia kwa furaha! Jumapili anamkabidhi."

"Na mama yake?"

Wifi akacheka. "Mama yake yupi? Aliye Kimya hana mtoto."

Hapo mikono ya Redio ikajisukia yenyewe. Ilivuta. Ilivuta mstari ule kutoka kwenye paji mpaka macho ya Mama Zizi yakawa kama nyufa za ukutani.

"Aii! Aii! Mwenzangu, ananivuta!"

"Nani?"

"Si huyu... si mtu fulani! Mwambie alegeze!"

"Nimwambieje, mama? Nikimsemesha nimemfungua. Mwambie wewe."

"Mimi nimwambie? Una wazimu?"

Wakatazamana. Redio akavuta mstari mwingine, akaufunga vizuri, akapaka mafuta. Mama Zizi alikaa pale mpaka kichwa kizima kikaisha, machozi yakimtiririka, bila kuweza kusema neno ambalo mtoto mdogo angelisema. Siku nyingine yoyote Redio angecheka mpaka akae chini. Siku hiyo walipotoka alifunga mlango, akaegemeza paji lake kwenye ukuta wa mbao.

Alianza na mumewe. Alimkuta chini ya sinki, amelala chali, kichwa kimo kabatini, spana mkononi. Alichuchumaa akaisemesha miguu yake. Akamwambia kila kitu: kiraka, mkono uliozungushwa, usaha, maji ya chumvi. "Baba Kifungua, mimi nimepiga domo maisha yangu yote, najua. Lakini umewahi kunishika na uongo? Hata mmoja? Nimetia chumvi, ndiyo. Uongo?"

Spana ikasimama. Ilisimama muda mrefu, na maji yakawa yanadondoka tone moja moja kwenye beseni. Kisha akaanza kuimba wimbo wa ibada kwa sauti ya puani, na spana ikaendelea kuzunguka.

Kifungua alikuwa chumbani anapiga pasi vazi jeupe la kukabidhiwa. Uso wake uling'aa kwa mvuke na kwa fahari. Mama yake aliposimama mlangoni alianza kuimba mara moja, kwa ile sauti nzuri waliyoitamani, na kila mama alipopandisha sauti, naye alipandisha yake. Msichana alikuwa na haki ya kufurahi. Alikuwa amechaguliwa miongoni mwa wengi, na aliyempinga alikuwa ni nyoka aliyetangazwa kanisani. Redio aliufahamu ule uso. Ulikuwa wake mwenyewe, siku alipowafukuza wateja wake.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama muuza mkaa, mweusi wa vumbi mpaka kwenye kope, ambaye zamani ndiye aliyekuwa akikalia benchi la saluni kutoka asubuhi hadi jioni bila kusukwa hata unywele mmoja. Tangu aingie Zizi, Redio hakuwahi kumsalimia tena. Alikuwa akivuka barabara anaangalia juu kama anayetafuta mvua. Sasa alivuka akasimama mbele ya magunia.

"Dada," akasema.

Muuza mkaa aliendelea kupima mkaa kwenye kopo. "Ala! Maiti inasema. Mimi nilidhani ulikufa, nikasubiri watu waje kunialika matanga, sikuona mtu."

"Nitukane, unayo haki. Lakini nijibu."

"Nakutukana, si ndiyo nakujibu? Kaa hapo juu ya gunia. Utachafuka, lakini naona umechafuka zaidi ya hapo."

Redio akakaa, akalia, akasimulia. Muuza mkaa hakumkatiza hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Polisi," Redio akamaliza. "Nataka kwenda polisi."

"Polisi walishakuja hapo kwenu, hukumbuki? Yule mjomba wa msichana mmoja aliwaleta. Wakawatoa mabinti mstari mmoja nje, wakawauliza: mko salama? Wote wakajibu kama kasuku, tuko salama, tunamtumikia Mungu. Askari wakanywa soda wakaondoka. Sikiliza nikwambie. Ukienda wewe, wataambiwa ni mke mwenye domo aliyegombana na mumewe. Mpaka msichana mwenyewe afungue mdomo. Wako, au yule mwenye kidonda. Wa kwako akishaingia ndani ya ile nyumba, basi tena, naye atakuwa kasuku."

"Wa kwangu hanisemeshi. Anaimba."

"Basi mtafute mahali ambapo hawezi kuimba."

Jumapili Zizi lilijaa mpaka dirishani. Redio alikaa benchi lake la mwisho, peke yake, na nafasi tupu kulia na kushoto. Mbele, Wanakondoo walisimama mistari miwili katika mavazi meupe. Binti wa fundi saa alikuwa mwisho kabisa wa mstari wa mbele, amejishikilia kwenye kona ya kinanda, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Wazazi wake walikaa benchi la kwanza, fundi saa na mkewe, wameketi wima.

Ikaja saa ya kukabidhi. Desturi ilikuwa hivi, na ni saa hiyo tu nywele ziliruhusiwa kuonwa: baba anamfungua binti kilemba cha nyumbani, anampa Baba Zizi mkononi, na Baba Zizi anamfunga kilemba kipya cha Nyumba ya Ndani. Wakati huo kanisa zima hunyamaza. Ni heshima, hakuna kinanda, hakuna kukohoa. Fundi bomba alipanda mbele na Kifungua, na nyuma yao Kitinda amebeba kilemba kipya kwenye sinia. Mikono mizito ya yule mwanamume ilihangaika na fundo la kilemba.

Redio akasimama.

"Mwanangu," akasema, "kilemba cha Nyumba ya Ndani kinaficha kidonda."

Sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na honi za barabarani. Ilifika mpaka madhabahuni bila kuhema. Hakuna aliyegeuka. Wifi, pale mlangoni, alitanua mikono, akaikunja, akaitanua tena. Angemshika, angekuwa amemgusa. Angemwambia kaa chini, angekuwa amemfungua. Walinzi wawili wakasogea mpaka kwenye benchi lake wakasimama wamemzunguka wakitazama dari, kama watu wanaongoja lifti.

Redio akawapita katikati. Walirudi nyuma wenyewe wasije wakamgusa.

"Kinanda," Baba Zizi akasema kwa upole.

Kanisa likaimba. Liliimba kwa nguvu zote, na Redio akatembea katikati ya mabenchi, taratibu, mdomo umefungwa. Alizijua nyimbo zao. Kila wimbo una beti, na baina ya ubeti na ubeti lazima mtu avute pumzi.

"Wamekataza hospitali!" akasema kwenye pumzi ya kwanza.

Wakaimba.

"Anaoshwa kwa maji ya chumvi!" kwenye ya pili.

Wakaimba, lakini sasa walivuta pumzi vibaya, wengine mapema, wengine wamechelewa, na wimbo ukaanza kuchechemea. Kifungua alikuwa mbele pale, kilemba nusu kimefunguka, akiimba kwa macho yaliyofungwa. Ubeti wa mwisho ukaisha. Mpiga kinanda akamtazama kiongozi wake apate kujua arudie wapi. Katika ule upenyo Redio hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya nyumbani, ile ya jioni, chanuo likiwa mkononi na kichwa cha mtoto kikiwa kimebanwa na magoti:

"Kitendawili!"

"Tega!" akasema Kitinda.

Lilitoka kama chafya. Sinia likaanguka, likazunguka sakafuni likilia kwa muda mrefu, na kanisa zima likalisikiliza. Watoto wengine wawili watatu, huko nyuma, walikuwa wamesema pia, na mama zao wakawaziba midomo.

"Ninaye mwanakondoo," Redio akasema, na machozi yalikuwa yakimfika kidevuni. "Manyoya yake hayakukatwa kwa mkasi, wala hayakuliwa na ugonjwa. Yameng'olewa utosini kwa mkono. Mkono wa nani?"

Baba Zizi alifungua mdomo, akaufunga. Kanisa zima liliona: amri ilikuwa yake, na ilikuwa imemkaba yeye.

Binti wa fundi saa akaachia kona ya kinanda. Alipeleka mkono kisogoni, akatafuta ncha ya kilemba chake, akaanza kukifungua, mzunguko kwa mzunguko, bila haraka. Harufu ikatangulia. Mtu wa benchi la mbele akafunika pua. Kilemba kilipoanguka, yule binti aliinamisha kichwa ili hata walioko nyuma waone, akajibu jinsi watoto wanavyojibu kitendawili, kwa sauti ndogo ya mtu asiye na hakika kama amepata.

"Wa Baba."

Mama yake akamrukia, akamfunika kichwa kwa upande wa kanga yake, akamvuta chini. Kumfunika, si kumkumbatia. Fundi saa alibaki akitazama mbele, wima vilevile.

Lakini Kifungua alikuwa amefumbua macho. Alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye kile kichwa. Alikitazama, akatazama mkono wa Baba Zizi uliokuwa bado umenyooshwa kusubiri kilemba, akajishika nywele zake mwenyewe kwa mikono miwili.

"Mama," akasema.

Neno moja tu. Baba yake alinyoosha mkono kumzuia na mkono ukaishia hewani. Msichana alishuka, akapita katikati ya mabenchi, na watu wakageuza nyuso ukutani, kwa kuwa sasa hawakujua yeye ni wa kusemeshwa au si wa kusemeshwa. Redio akamshika mkono. Akamtafuta Kitinda kwa macho. Baba yake alikuwa amemnyanyua, amemkandamiza kifuani, kiganja kizima kimeziba uso mdogo.

"Mpe huyo pia," Redio akasema. "Baba Kifungua, tafadhali. Mpe."

Mumewe akatazama dari. Walinzi wakasimama bega kwa bega mbele yake, na safari hii walikuwa wengi.

Walitoka wawili tu, na kituoni askari alimvutia Redio kiti akamwambia, "Haya mama, ongea." Ilikuwa sauti ya kawaida tu, ya mtu aliyechoka na zamu yake, lakini Redio aliposemeshwa hivyo yule Redio wa mtaa mzima akawa analia tu huku anamwonyesha binti yake kwa kidole. Ni Kifungua aliyesema. Alisema alichokiona na alichokisikia, mpaka askari akavaa kofia yake.

Walimtoa binti wa fundi saa siku ileile, akalazwa. Wanakondoo wengine wakasema wako salama, wanamtumikia Mungu. Baba Zizi alihojiwa, akarudi, akaitwa tena. Kesi ipo. Kibao cha bati kipo pia, na Jumapili nyimbo zinasikika mpaka sokoni. Watu wa mtaani wanasema hili na lile. Ukitaka upate yote, nenda kwa muuza mkaa, lakini beba subira.

Ni hapo kwake wanapolala Redio na Kifungua, chumba kimoja, na kila asubuhi wanapiga chafya nyeusi. Nyumbani fundi bomba alibadilisha kitasa, na ule mlango wa kutoka saluni kuingia ndani aliupigilia misumari. Saluni yenyewe aliiacha. Labda alisahau. Labda hakusahau. Kuhusu Kitinda, ofisi ya ustawi wa jamii imesema baba ni mzazi, hana rekodi mbaya, wasubiri.

Kwa hiyo Redio anafungua saluni. Wa Zizi hawaji. Wanasukana wenyewe, na inaonekana. Wa dunia wameanza kurudi mmoja mmoja. Jioni wakishaondoka anasogeza kigoda mpaka kwenye ukuta wa mbao, anaongea na mbao. Anasimulia ya mtaa: nani kagombana, nani kanunua mbuzi akamkimbia. Kwa siku nyingi upande wa pili hakukuwa na kitu ila mlio wa kitanda.

Wifi ndiye aliyemletea habari bila kukusudia, akipita barabarani na mwenzake, anaongea kwa sauti kama mtu anayepita mbele ya nyumba tupu: yule mdogo amewekwa Kimya, si ndiye aliyejibu? Sheria ni sheria. Hata shuleni kwao, mwenzangu, hakuna mtoto anayemsogelea.

Jioni ile Redio alifunga saluni mapema, akasogeza kigoda mpaka ukutani.

"Kitendawili," akasema kwenye ufa wa mbao.

Kitanda kikalia. Kisha, karibu sana, chini kidogo ya sikio lake:

"Tega."

Redio akaweka kiganja ukutani.

"Mama, na mimi niko Kimya. Baba ananiwekea chakula halafu anatazama chumvi."

"Najua, mwanangu."

"Mimi nilikufungua wewe. Mimi nani atanifungua?"

"Mimi. Si nakujibu sasa hivi?"

Mtoto akafikiri. "Wewe sio wa Zizi tena. Haihesabiki."

Na hapo Redio akasikia hatua za buti nzito zikija upande ule, zikasimama kwenye mlango wa chumba. Mtoto akanyamaza ghafla. Maji yalikuwa yakidondoka mahali fulani ndani ya nyumba, tone moja moja. Fundi bomba hakuwa amelitengeneza lile sinki.

Redio alijua wako wawili sasa wanaosikiliza, na kwamba hakuna atakayemjibu. Akasogeza mdomo karibu na ufa.

"Basi, mwanangu," akasema, "huyo mbuzi aliyekimbia ngoja nikusimulie alikoonekana."